Ndaki Isiyochaguliwa: Mwongozo wa Makazi ya Chuo Kikuu kwa Familia za Houston na Dallas–Fort Worth

Neno ndaki, ambalo msomaji aliyepita Mlimani, Dar es Salaam, hulijua kama jina la kitengo cha taaluma chenye rasi wake, idara zake na wahadhiri wake, linatumika katika mwongozo huu kwa maana nyingine iliyo ya kale zaidi, yaani jumuiya ya wanafunzi wanaolala pamoja, wanaokula pamoja bwaloni, wanaochagua viongozi wao na kujiwekea kanuni zao, ilhali kila mmoja anasoma somo lake katika idara za chuo kikuu kizima. Jumuiya hiyo, itakayoitwa hapa ndaki ya makazi, ilizaliwa Oxford na Cambridge, ambako hadi leo ndaki hufundisha pia. Ilipovuka bahari na kufika Marekani ilibaki na maisha ya pamoja peke yake, na ufundishaji ukaachiwa idara. Haifai kuichanganya na dahalia au bweni, kwa sababu dahalia ni jengo ambalo mwanafunzi akihama amehama, ilhali ndaki ni uanachama unaomfuata hata anapolala kwingine. Aliyesoma Makerere ataielewa tofauti hii upesi, kwani huko mwanafunzi huandikwa katika holi fulani, iwe Lumumba, Mary Stuart, Mitchell au Livingstone, na hubaki mtu wa holi hiyo hata kama amepanga chumba Wandegeya au Kikoni.

Katika miji mikubwa ya Texas ambako wazungumzaji wa Kiswahili wameweka makazi, vyuo vikuu viwili vikongwe vinafuata utaratibu huu kikamilifu: Rice University, kilichoko Houston mkabala na hospitali za Texas Medical Center, na Southern Methodist University, kinachoitwa na wengi kwa herufi zake SMU, kilichoko Dallas. Familia nyingi hufika katika jambo hili zikiwa zimechelewa, baada ya barua ya kukubaliwa kuwasili, na swali la kwanza huwa ni ndaki ipi iliyo bora, ipi yenye vyumba vipya, ipi iliyo karibu na maktaba, ipi yenye watoto wa kwetu. Mwongozo huu unaanza na jibu ambalo huwashangaza wengi, kwamba ndaki yenyewe haichaguliwi, kisha unaeleza mambo ambayo kweli huchaguliwa, ambayo ni mengi na yana uzito kuliko jina la jengo.

Chimbuko la ndaki za Rice

Rice kilisajiliwa mwaka 1891 kwa mali ya mfanyabiashara William Marsh Rice, lakini hakikufunguliwa hadi tarehe 23 Septemba 1912, siku ambayo ilikuwa pia kumbukumbu ya kuuawa kwa mwanzilishi huyo jijini New York mwaka 1900, katika njama ya kuirithi mali yake kwa wosia wa kughushi. Wakili wake, Kapteni James A. Baker wa Houston, ndiye aliyeifuatilia njama hiyo mpaka ikafichuka na mali ikaokolewa, na ndaki ya kwanza kwa mpangilio wa majina inaitwa Baker kwa heshima yake. Rais wa kwanza wa chuo, Edgar Odell Lovett, alizuru vyuo vya Ulaya kabla ya ufunguzi na akarudi na nia ya kuwagawa wanafunzi katika ndaki za makazi, ila fedha na hali ya nyakati havikuruhusu, na nia hiyo ikasubiri hadi mwaka 1957, ndipo zikaanzishwa ndaki tano kwa mpigo: Baker, Will Rice, Hanszen na Wiess kwa wanaume, na Jones kwa wanawake, ambao walikuwa wamesoma chuoni hapo tangu mwanzo bila kupewa mahali pa kulala. Baadaye zikaongezwa Brown mwaka 1965, Lovett mwaka 1968, Sid Richardson mwaka 1971, Martel mwaka 2002, kisha McMurtry na Duncan mwaka 2009, zikatimia 11. Na ndani ya miongo ya 1970 na 1980 zote zikawa za wanaume na wanawake pamoja.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo familia ya Kiafrika inastahili kuijua kabla ya kumpeleka mwana. Hati ya mwanzilishi ilisema kwamba chuo ni kwa ajili ya watu weupe wa Houston na Texas, na kwamba ada isitozwe, na masharti hayo mawili yalidumu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1963 wadhamini walikwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuyaondoa, mwaka uliofuata mwanafunzi wa kwanza Mweusi, Raymond Johnson, akaingia kusomea hisabati katika ngazi ya juu, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wakafuata mwaka 1965. Hii ina maana kwamba ndaki tano za mwanzo zilijengwa na kupewa majina wakati mtoto wa msomaji wa mwongozo huu asingeruhusiwa kulala humo. Jambo hilo si sababu ya kukataa nafasi leo, lakini linafaa kuzungumzwa nyumbani waziwazi, ili mtoto aingie akijua yuko wapi na asije akalisikia kwanza kwa mgeni.

SMU kilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1911 na kufungua milango mwaka 1915, lakini utaratibu wake wa ndaki ni mpya, umeanza mwaka 2014, pale majengo ya zamani yalipounganishwa na majengo mapya matano, Armstrong, Crum, Kathy Crow, Loyd na Ware, zikapatikana jumuiya 11, kila moja ikiwa na mhadhiri anayeishi humo na familia yake. Huko pia mwanafunzi hupangiwa jumuiya, na ni sharti aishi chuoni miaka miwili ya kwanza.

Kwa nini hakuna kuchagua

Mwanafunzi mpya wa Rice hupangiwa ndaki kwa namna inayokaribia kura kabla hajafika, kwa kusudi kwamba kila ndaki iwe na sura ya chuo kizima, yaani wahandisi na wanamuziki, matajiri na maskini, wenyeji na wageni. Mwenye ndugu au mzazi aliyekuwa wa ndaki fulani anaweza kueleza kama angependa kuwekwa huko au kuwekwa mbali nako, lakini zaidi ya hapo hakuna barua, simu wala mtu wa kujuana naye anayeweza kubadilisha mpangilio, na mzazi aliyezoea kwamba kila mlango una mwenye ufunguo wake asipoteze siku zake kumtafuta.

Zipo desturi nyingine duniani. Mwombaji wa Oxford au Cambridge hutaja ndaki anayoitaka katika maombi yake, au huacha chuo kimpangie. Yale, ambacho ndaki zake zilifunguliwa mwaka 1933 kwa fedha za Edward Harkness, hupanga kwa kura. Harvard, kilichofadhiliwa na Harkness huyo huyo, kiliwaachia wanafunzi wachague kwa miongo mingi, hadi katikati ya miaka ya 1990 kilipoamua kupiga kura, kwa sababu nyumba zake zilikuwa zimegeuka vikundi vya wanaofanana: hapa wanamichezo, pale wasanii, kwingine wenye majina makubwa.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba, kwa mtoto wa wahamiaji, kupangiwa ni heri kuliko kuchagua. Kuchagua kunahitaji habari, na habari za vyuo vya namna hii hukaa mikononi mwa waliokuwa humo kabla: mtoto ambaye baba yake na shangazi yake walisoma Rice anajua tangu utotoni ndaki ipi ina sifa gani, wakati mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, na wazazi waliokimbia Kongo, akakulia katika magorofa ya Gulfton kusini-magharibi mwa Houston au Vickery Meadow jijini Dallas, hana wa kumuuliza, na akipewa orodha ya majina 11 atachagua kwa picha au kwa uvumi. Kura humweka chumba cha jirani na mwana wa mkurugenzi wa kampuni ya mafuta, bila yeyote kati yao kuwa amemfadhili mwenzake. Urafiki unaozaliwa hapo, wa kusaidiana mazoezi ya fizikia usiku wa manane na wa kupeana habari za nafasi za kazi za likizo, ni sehemu kubwa ya kile ambacho chuo ghali hutoa, na hakinunuliki kwingine.

Hasara yake nayo isifichwe. Ndaki moja ina wanafunzi mia kadhaa tu, na inawezekana kabisa kwamba mtoto atakuwa peke yake mwenye kujua Kiswahili katika nyumba nzima, hana wa kumwamkia kwa shikamoo wala wa kucheka naye kwa lugha ya nyumbani. Dawa ya upweke huo haimo ndakini, imo katika vyama vya wanafunzi vinavyovuka mipaka ya ndaki, kikiwemo kile cha wanafunzi wa Kiafrika, pamoja na misikiti, makanisa na jumuiya za Watanzania, Wakenya na Wakongo mjini. Mtoto ahimizwe kuvitafuta mwezi wa kwanza, kabla upweke haujawa mazoea.

Mambo ambayo kweli huchaguliwa

Uamuzi wa kwanza ni wa chuo chenyewe, na muda wake huisha kwa kawaida tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi vya Marekani husubiri jibu la mwisho la mwanafunzi aliyekubaliwa. Anayekubali Rice au SMU anaukubali pia mfumo wa ndaki. Anayekwenda Texas Christian University (TCU), Fort Worth, chuo kilichoanzishwa mwaka 1873 na ndugu wawili, Addison na Randolph Clark, hupata mabweni ya kawaida ambamo mwanafunzi huishi miaka yake ya mwanzo bila uanachama wa kudumu. Anayekwenda University of Houston, kilichoanzishwa mwaka 1927, au University of Texas kule Arlington, huingia katika vyuo vya umma ambavyo kwa historia ndefu vimewahudumia wanafunzi wanaolala kwao na kufika darasani kwa gari, ingawa mabweni yapo na yameongezeka. Hakuna aibu katika njia yoyote kati ya hizo, ila zinamwandaa mwanafunzi kwa maisha tofauti, na ni vema familia itembelee angalau vyuo viwili siku ya kawaida ya masomo, si siku ya sherehe, ikae bwaloni saa nzima na kutazama ni nani anakula na nani.

Jambo linalohusiana na hilo ni vyama vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, ambavyo ni undugu wa wanafunzi wa kiume au wa kike wenye kuingia kwa kuteuliwa na kulipa michango. Rice havipo, kwa kuwa ndaki ndizo zilizochukua nafasi yake, lakini SMU na TCU vina nguvu sana, na huwa na msimu wa kuwachuja wanachama wapya, ambao TCU huja mapema mnamo Agosti na SMU husubiri hadi Januari. Mtoto anaweza kukaa miaka yote minne bila kujiunga na asipungukiwe na kitu. Ni muhimu tu ajue mapema kwamba vipo, vina gharama, na kwamba kutoteuliwa si hukumu juu ya utu wake.

Uamuzi wa pili, ambao ndio mgumu kuliko yote na ambao vijitabu vya vyuo haviugusi, ni kama mtoto ataondoka nyumbani ikiwa nyumbani kwenyewe ni dakika 30 tu kwa gari. Katika familia nyingi za wakimbizi na wahamiaji, mtoto wa kwanza kusoma si mwanafunzi peke yake: ndiye anayefasiri hospitalini, anayesoma barua za mwenye nyumba na za shule za wadogo zake, anayejaza fomu za kodi, na mara nyingi anayewapokea wadogo wakitoka shule wakati mama yuko zamu ya usiku. Ndaki humchukua mtu huyo, na familia isipolikubali hilo kwa maneno, italidai kwa simu kila jioni, na mtoto atakuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje, akikosa usingizi huku na heshima kule. Ni afadhali majukumu hayo yagawanywe upya kabla ya Agosti. Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo huduma za ukalimani wa simu huwa nazo, hivyo mama ana haki ya kumwomba mkalimani na kumwacha binti yake darasani. Naye mdogo anayefuata anaweza kufundishwa kusoma barua kama vile dada yake alivyojifunza.

Kwa upande wa fedha, familia hudhani kwamba kulala nyumbani siku zote ni nafuu, na mara nyingine sivyo. Vyuo hukadiria msaada wa masomo kwa kutazama gharama zote za mwaka, pamoja na chumba na chakula, na mwanafunzi anayeandika kwamba ataishi na wazazi hukadiriwa gharama ndogo, hivyo msaada wake nao unaweza kupungua. Mpango wa Rice uliotangazwa mwaka 2018 uliahidi kwamba familia zenye kipato cha chini ya dola 65,000 kwa mwaka hazitalipa ada wala chumba na chakula, na zile za kati ya dola 65,000 na 130,000 hazitalipa ada. Viwango hivyo vimepandishwa tangu wakati huo, na mzazi aangalie tangazo la mwaka husika. Maana yake ni kwamba kwa familia nyingi za wafanyakazi wa viwandani, wahudumu wa wazee na madereva, kitanda cha ndaki kinaweza kuwa kimelipiwa tayari, na kumrudisha mtoto nyumbani kungekuwa kuacha haki yake. Kabla ya kubadilisha jibu lolote katika fomu ya makazi, ofisi ya misaada ya fedha iulizwe kwa maandishi kwamba badiliko hilo litaongeza au litapunguza kiasi gani. Vyuo vyenye sharti la kuishi chuoni navyo huwa na utaratibu wa kuomba kusamehewa, lakini ombi lina fomu na tarehe yake, na halifanywi kwa mdomo.

Fomu ya makazi

Baada ya nafasi kukubaliwa hutumwa fomu inayouliza mambo yanayoonekana madogo: saa za kulala, usafi, kelele, wageni chumbani, joto na baridi. Fomu hii ndiyo itakayomchagulia mtoto mwenzake wa chumba, nayo ijazwe na mtoto mwenyewe, wala si mzazi anayeandika namna ambavyo angependa mwanawe awe. Watoto waliolelewa kwa adabu za kwetu wana kasoro moja wanapoijaza, nayo ni kwamba hujibu kila swali kwa kusema lolote ni sawa, kwa kuwa wamefundishwa kutomsumbua mwenyeji. Matokeo yake ni kuwekwa na mtu asiyelala hadi alfajiri, ilhali wao huamka kwa swala au kwa ibada ya asubuhi. Kueleza ukweli katika fomu si kusumbua. Aandike kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri kuswali, kwamba hapendi pombe chumbani, kwamba anahitaji ukimya akisoma, na ofisi itapata cha kufanyia kazi.

Kuhusu jinsia, mzazi ajue mapema kwamba ndaki zote hizi zina wavulana na wasichana chini ya paa moja, na kwamba mpangilio wa ghorofa na bafu hutofautiana kati ya jengo na jengo. Binti anayevaa hijabu, au yeyote anayehitaji bafu lisilo la mchanganyiko kwa ajili ya dini au stara, anapaswa kuiandikia ofisi ya makazi mara tu baada ya kukubali nafasi, akieleza hitaji lenyewe kwa ufupi, kwa sababu ombi linalofika mwezi Mei hupata ufumbuzi ambao ombi la Agosti halipati.

Chakula kina mambo yake. Anayeishi ndakini hulazimika kununua mpango wa chakula, yaani hulipia milo ya bwaloni kwa muhula mzima, hivyo anayeshindwa kula kinachopikwa amelipa bure. Mwislamu aulize nyama halali hupatikana bwalo lipi na siku zipi, na kwa kuwa Ramadhani kwa miaka hii inaangukia muhula unaoanza Januari, aulize mapema jinsi ya kupata daku na futari wakati bwalo limefungwa. Wapishi wa mabwalo hukutana na maswali kama hayo kila mwaka na wengi wao huyajibu kwa wema, bora waulizwe. Kupika chumbani ni suala jingine: karibu kila chuo kinakataza jiko la umeme, na kinakataza vilevile kitu chochote kinachowaka au kutoa moshi, kwa hiyo udi, ubani na chetezo vibaki nyumbani, kwani moshi wa chetezo kimoja unatosha kuliamsha jengo zima na kulileta gari la zimamoto.

Afya na sheria

Sheria ya Texas inamtaka mwanafunzi mpya wa chuo aliye chini ya umri wa miaka 22 athibitishe kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria, angalau siku 10 kabla ya muhula kuanza. Familia zilizohama mara nyingi zina kadi za chanjo za nchi mbili au tatu, nyingine kwa Kifaransa, na kazi ya kuzikusanya na kuzifasiri ianze Juni.

Sheria nyingine inawaumiza wazazi kwa kutojulikana. Tangu mwaka 1974 sheria ya nchi inampa haki juu ya kumbukumbu za masomo mwanafunzi aliye chuoni, wala si mzazi, hata kama mzazi ndiye anayelipa. Mwalimu au mkuu wa ndaki akikataa kumweleza baba alama za mwanawe, hajamdharau, anatii sheria. Njia iliyo ya heshima ni mtoto mwenyewe kutia sahihi idhini ya kuwaruhusu wazazi waone anachotaka waone, na mazungumzo juu ya idhini hiyo yafanyike kwa utulivu kabla ya kuondoka, maana yakifanyika baada ya alama mbaya huwa ni ugomvi.

Wakuu wa ndaki na wiki ya kwanza

Kila ndaki ya Rice ina magista, yaani mhadhiri anayeishi na familia yake katika nyumba iliyo ubavuni mwa ndaki, akiwa mlezi wa wote waliomo. Cheo hiki zamani kiliitwa kwa neno lenye maana ya bwana, lakini chuo kililiacha katika miaka ya 2010, kwa kuwa kwa masikio ya Marekani lilikuwa na mwangwi wa utumwa. Chini yake wapo watu wazima wengine wanaoishi miongoni mwa wanafunzi, halafu serikali ya wanafunzi wenyewe, yenye rais, mweka hazina na bajeti halisi. Mtoto aliyekuwa kiranja shuleni ataona kwamba kazi hii ni tofauti, kwani kiranja huteuliwa na walimu ili awaangalie wenzake, wakati kiongozi wa ndaki huchaguliwa na wenzake na huwajibika kwao. Ni shule nzuri ya uongozi, na mtoto wa wahamiaji ambaye husema hayo si ya kwake asukumwe kidogo kuijaribu.

Wiki moja kabla ya masomo, mnamo Agosti, hufanyika wiki ya kuwapokea wageni. Wanafunzi wa miaka ya juu huwasubiri wapya barabarani, huwaita kwa majina na kubeba mizigo yao hadi vyumbani; baadaye siku hiyo hiyo wazazi huagwa na kuombwa waende. Wengi huona uchungu katika haraka hiyo, na uchungu huo ni wa haki, lakini siku hizo chache ndizo ambazo kikundi kidogo cha wapya, chini ya washauri wao, hujenga uhusiano ambao mara nyingi hudumu hadi mahafali, na mtoto anayerudishwa nyumbani kulala wikiendi ya kwanza huukosa. Katika wiki hiyo wapya wote hupita kwa pamoja katika tao la Lovett Hall, jengo la kwanza la chuo, na desturi inasema kwamba wasilipite tena hadi siku ya kuhitimu, safari hiyo wakielekea nje.

Tukio kubwa zaidi la ndaki huja kabla ya mwaka wa masomo kwisha, nalo ni mashindano ya baiskeli yaliyoanza mwaka 1957, mwaka ule ule wa ndaki zenyewe. Jina lake limetokana na bia, na wazazi wengi hushtuka wakilisikia. Mtoto asiyekunywa pombe kwa dini au kwa hiari anaweza kuendesha baiskeli, kushangilia, au kushiriki sehemu ya kunywa kwa maji matupu. Lakini ajue pia kwamba sheria ya Texas inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka 21, na kwamba mwanafunzi asiye raia ana cha kupoteza zaidi kuliko rafiki zake endapo atashtakiwa.

Mwaka wa pili na kuhama

Rice hakina vitanda vya kuwatosha wanafunzi wote kila mwaka, hivyo mwaka wa pili au wa tatu ndaki hugawa vyumba kwa utaratibu wake wa ndani na baadhi hulazimika kupanga nje, wakibaki wanachama wanaokula, kupiga kura na kucheza kwa jina la ndaki yao. Aliye na nyumbani Houston ana nafuu kubwa wakati huo, na mwaka huo wa nje ndio unaofaa kurudi kwa mama, kuliko mwaka wa kwanza. Anayepanga asome mkataba wote, kwani mikataba mingi ya nyumba Texas ni ya miezi 12 wakati masomo ni ya miezi 9, na atazame kama nyumba iko karibu na kituo cha treni ya mjini, ambayo hupita kando ya chuo, ili asilazimike kununua gari.

Kuhama ndaki kunawezekana, lakini kwa nadra na kwa ridhaa ya wakuu wa pande zote mbili. Mtoto anayeomba kuhama mnamo Septemba kwa kawaida anaomba kitu kingine: amekosana na mwenzake wa chumba, amefeli mtihani wa kwanza, au anaikumbuka nyumba. Amwone kwanza magista, na mzazi anayetaka kusaidia anaweza kumwandikia magista huyo barua fupi, hata kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani, akimweleza mwanawe ni mtu wa namna gani, anaitwaje nyumbani, na hunyamaza vipi anapoumia. Alama za mtoto hatapewa, lakini barua ya namna hiyo itasomwa.